Msomaji wa Kitanda cha Tisa

Siku ambayo Fundi wa Paa aliruhusiwa kutoka hospitali ndiyo siku hiyohiyo aliyekuwa mume wa Mkutubi alitarajiwa nyumbani kwao, saa kumi jioni, kuja kuomba wawe mke na mume tena. Mambo makubwa mawili kwa siku moja, na Mkutubi, mwenye mambo hayo, aliamka, akaoga, akachana nywele, akaona hana la kuhisi.

"Leo uwahi kurudi," mama yake alimwambia mlangoni. "Na uvae lile gauni la bluu."

"Sawa, mama."

"Na yule wa kitandani, mmeshamalizana?"

"Anatoka leo."

"Mungu ni mwema," mama alisema, kama vile aliyepona ni yeye.

Hali hiyo ya kutohisi haikuanza leo. Miaka miwili iliyopita mumewe, mpima ardhi, mtu mpole asiyejua kupaza sauti, alimwambia asubuhi moja, "Nipigie pasi shati jeupe. Nataka kwenda kukaa mahali nifikiri." Akalipiga pasi. Kola, mikono, mgongo. Mume akalivaa lingali na joto, akachukua begi lake, akaenda kufikiri. Baada ya miezi saba bahasha ya talaka ikaja kwa posta. Mkutubi aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akarudi kwenye vyombo alivyokuwa anaosha. Alingoja kilio kije. Hakikuja. Tangu hapo moyo wake ukawa kama mdomo uliochomwa sindano ya ganzi: upo, unautumia, lakini ukijing'ata hujui mpaka uone damu.

Kazi haikumshinda. Maktaba ya hospitali ilikuwa chumba kimoja tu kilichowahi kuwa stoo ya mashuka, na hata sasa siku za mvua kilinuka sabuni. Vitabu vyake havikununuliwa. Vililetwa na watu waliohama nyumba, waliofiwa, au waliochoka kuvifuta vumbi. Ndiyo maana vilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Ufugaji wa nyuki ulibanana na mashairi ya mapenzi, mwongozo wa kutengeneza pampu za maji ukaegemea riwaya ya upelelezi, halafu sheria za mpira wa miguu, historia ya chumvi, mapishi ya wenye kisukari. Mgonjwa alikuwa hajui aanzie wapi. Kwa hiyo Mkutubi alianzisha vikaratasi. Kila aliyemaliza kitabu aliandika maneno mawili matatu, yakabandikwa ndani ya jalada chini ya mhuri uliosema: MSOMAJI ANAPENDEKEZA. Jina halikuandikwa, namba ya kitanda tu.

Ndani ya historia ya chumvi, kitanda cha tatu aliandika: "Sikujua chumvi ina mambo. Sasa supu ya hapa naila kwa heshima." Kwenye sheria za mpira, kitanda cha kumi na saba: "Kumbe siku zote nilikuwa namtukana refa kwa makosa. Nisameheni." Kwenye ile riwaya ya upelelezi mtu alisema: "Muuaji ni mpishi. Nimekuokolea muda." Chini yake, kwa mwandiko mwingine wa hasira: "Mungu anakuona."

Mkutubi aliyabandika yote bila kucheka. Alipanga vitabu kwenye toroli, akazungusha wodi kwa wodi, akagawa, akakusanya. Wagonjwa walimwita Dada Vitabu. Ni mmoja tu aliyemwita Mkutubi.

"Mimi naitwa Fundi kwa sababu ya kazi yangu," alisema siku ya kwanza. "Na wewe uitwe kwa yako."

Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa la shule, mfupa wa paja umevunjika mara mbili, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito kama mzigo unaopimwa. Alimwomba kitabu ambacho yeye Mkutubi alikipenda.

"Mimi sisomi," Mkutubi alimjibu.

Fundi akacheka. Kisha akamtazama vizuri, akaacha kucheka. "Tangu lini?"

"Miaka miwili. Naanza ukurasa wa kwanza, maneno yanapita. Mimi nabeba tu."

"Basi nitasoma kila kilichopendekezwa na hawa watu, halafu nitakuhadithia."

Akafanya hivyo. Kwa wiki tisa alisoma nyuki, pampu, mashairi, chumvi, akamhadithia. Mwanzo Mkutubi alisimama pale kitanda cha tisa dakika tano, baadaye kumi, baadaye nusu saa, toroli likiziba njia na wauguzi wakilizunguka bila kusema kitu. Fundi alikuwa na namna yake ya kumtazama. Mtu wa paa akitaka kujua mabati yamechakaa wapi huingia ndani ya nyumba, akatazama juu gizani, akitafuta tundu linalopitisha mwanga. Hivyo ndivyo alivyomtazama.

Siku hiyo ya kutoka, Mkutubi alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali imekatwa mguu mmoja kupisha plasta, magongo yameegemezwa ukutani, begi limefungwa. Kwenye shuka kulikuwa na kitabu cha nyuki.

"Nakirudisha," alisema. "Nimekirudia mara ya pili."

"Umeandika?"

"Nimeandika. Soma."

Mkutubi akafunua jalada. Msomaji wa kitanda cha tisa alikuwa amependekeza hivi: "Mfugaji akifukiza moshi, nyuki hawafi. Wanapumbaa tu. Moshi ukiisha wanakumbuka kuuma. Anayeogopa kuumwa asifuge."

"Hiki ni kikaratasi cha nyuki au cha mtu?"

"Atakayekisoma ataamua."

Mzee wa kitanda cha kumi, aliyekuwa amejifunika mpaka kidevuni, alifumbua jicho moja. "Binti yangu, huyo tangu jana mchana anaandika na kufuta. Nyuki gani hao? Hata barua ya posa haisumbui hivyo."

"Mzee, lala," alisema Fundi.

"Nimelala wiki sita, nimeshiba." Lakini aligeukia ukutani, akajifanya anakoroma.

Fundi akashusha sauti. "Ni leo saa kumi, sivyo?"

"Saa kumi."

"Unampenda?"

"Hapana."

"Unamchukia?"

Mkutubi akatafuta ndani yake, kama mtu anayepapasa mfuko wa koti la zamani. "Hapana."

"Na mimi?"

Kwa mbali kengele ya chakula ililia. Mkutubi alimtazama yule mtu: nywele zilizoanza mvi upande mmoja, vidole vyenye makovu ya mabati, macho yasiyokimbia. Alijua kwamba mwanamke mwingine angetetemeka.

"Fundi, nikikudanganya utajua," alisema. "Najua wewe ni mtu mwema. Najua kesho nikipita hapa nitamkuta mwingine, na nitakumbuka kwamba ulikuwepo. Lakini najua tu, kama ninavyojua kwamba leo ni Alhamisi. Sihisi."

Fundi akaokota uzi uliotoka kwenye shuka, akauzungusha kidoleni.

"Basi mimi ni Alhamisi," alisema mwishowe. "Nimewahi kuitwa vibaya zaidi."

"Sikusudii kukuumiza."

"Najua. Ungekusudia ningefurahi, maana ungekuwa na kitu moyoni." Akatabasamu, ila tabasamu halikufika machoni. "Nisikilize, Mkutubi. Mimi nakupenda, na nadhani hata huyu anayekoroma anajua." Mkoromo wa kitanda cha kumi ukakatika, ukaendelea. "Lakini sitakuomba umkatae mtu kwa ajili yangu. Na sitakuja kukutafuta. Nimelala hapa wiki tisa natazamwa kwa huruma. Nikitazamwa tena nataka iwe kwa kitu kingine. Ninachosema ni kimoja. Usikubali jambo kwa sababu tu halikuumi. Hata maiti haumwi."

Hapo dada yake Fundi akaingia, mshonaji mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, akihema kwa ngazi. Alimtazama kaka yake, akamtazama Mkutubi, akaelewa yote.

"Kumbe ndiye wewe! Vitabu vimetuletea mambo. Sisi tunakaa nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa kijani. Uje, wifi yangu. Hata bila sababu."

"Dada!" Fundi alisema.

"Nimesema nini? Nimeelekeza nyumba."

Wakaondoka. Magongo yaligonga sakafu, ko, ko, yakapungua, yakaisha. Mkutubi alikunja shuka la kitanda cha tisa ingawa haikuwa kazi yake. Kisha akasukuma toroli wodi tatu nzima, na aliporudi maktabani akakuta vitabu vyote vimo torolini vilevile. Hakuwa amesimama kwenye kitanda hata kimoja.

Saa kumi kamili aliyekuwa mumewe alikuwa ameketi sebuleni kwa mama, ametua kwenye kochi kama mtu aliyetoka dukani mara moja. Alikuwa amenenepa kidogo. Chai ilikuwa mezani, vikombe vya wageni.

"Hujabadilika," alimwambia Mkutubi.

"Karibu."

"Nimemaliza kufikiri," alisema.

Mama akaachia pumzi kubwa. "Umesikia, mwanangu? Mtu amekuja kwa miguu yake, anaomba mwenyewe. Wangapi wanarudi?"

"Nilikosea," mpima ardhi aliendelea, kwa ile sauti yake ya upole. "Nilidhani kuna kitu kikubwa kinanisubiri huko. Hakukuwa na kitu. Nikakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa tulivu. Hukuwahi kunigombeza. Hata siku ile nilipoondoka hukusema neno. Nikasema, mwanamke kama yule nitampata wapi?"

Mkutubi alisikiliza kila neno. Aliona mkono wake mwenyewe ukimimina chai, na haikumwagika hata tone. Alijua kwamba akisema ndiyo, kesho mambo yatakwenda. Atapika, atafua, atapiga pasi, watu watampongeza mama yake. Jambo hilo halitamuuma. Na neno hilo, halitamuuma, ndilo lililomsimamisha.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" mama akauliza.

"Sirudi."

Mpima ardhi akaweka kikombe chini. "Bado una hasira na mimi. Ni haki yako. Nitangoja ziishe."

"Sina hasira na wewe. Nimezitafuta sana, sizioni. Ndiyo maana sirudi. Nikikaa na wewe nitabaki hivi mpaka nife, na wewe utasema ni utulivu."

Mpima ardhi alimtazama, na labda kwa mara ya kwanza alielewa kwamba nyumba ile haikuwahi kuwa tulivu. Ilikuwa imenyamaza tu. Akasimama, akamwinamia mama kwa heshima, akaaga.

Mama alimfuata binti yake jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Ni yule mlemavu wa hospitali!"

"Si mlemavu, mama. Amevunjika."

"Mtu anayepanda mapaa! Leo yuko juu, kesho yuko chini. Umemkataa mtu wa ofisini, mwenye jina, unayemjua usingizi wake, kwa ajili ya mtu uliyemkuta amelala! Unampenda?"

"Sijui."

"Hujui! Basi kinachokukatalisha ni nini?" Mama akaketi kwenye kigoda, na uzee wake ukaonekana ghafla magotini. "Baba yako naye aliwahi kuondoka. Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mwaka mmoja na miezi mitatu. Aliporudi nilimfungulia, sikumuuliza kitu. Kwa sababu hiyo ukakua na baba. Unadhani ningekwenda kutafuta moyo wangu uko wapi, wewe ungekula nini?"

Mkutubi hakuwa anajua. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akamshika mikono.

"Ulifurahi, mama? Aliporudi?"

Bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye karai, tone kwa tone.

"Nyumba ilikuwa na mtu," alisema mwishowe. Akatoa mikono yake taratibu, akasimama, akaanza kuosha vikombe vya wageni. Hakusema tena siku ile, wala Ijumaa.

Jumamosi asubuhi Mkutubi alijaza vitabu sita kwenye mfuko, bila mpangilio, mkono ulipoangukia, akaenda nyuma ya kituo cha mafuta. Mama alimwona akivaa viatu. Hakumzuia, hakumbariki.

Fundi alikuwa kibarazani kwenye kiti, mguu wa plasta umewekwa juu ya sanduku la soda. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma. Alipomwona, mikono yake ikashika kiti kama anayetaka kusimama, kisha akakumbuka.

"Nimekuletea vitabu," alisema Mkutubi. "Maktaba haina utaratibu huu."

"Alhamisi saa kumi?"

"Nimekataa."

Fundi hakuonyesha furaha. Alimtazama tu, kwa lile jicho la kutafuta mwanga. "Na umekuja kwa sababu gani?"

"Dada yako alisema hata bila sababu."

"Dada yangu anaongea sana. Kaa. Nisomee kimoja."

"Nimekwambia maneno hunipita."

"Yakupite tu. Mimi nitayadaka."

Akaketi kwenye mkeka, akachukua cha juu. Ilikuwa riwaya nyembamba kutoka wodi ya wanawake, jalada limechakaa, na ndani yake vikaratasi kumi na moja, vingi kuliko kitabu chochote kwenye maktaba. "Kimenifundisha kusamehe." "Kila mwanamke akisome." "Nimelia, nikamwazima jirani, naye akalia."

Akaanza kusoma kwa sauti bapa, kama anayesoma orodha ya dawa. Jua likapanda. Mke wa kwenye kitabu aliachwa, akakaa, akangoja miaka minne. Kurasa zikapita. Fundi alikuwa amefumba macho. Kisha Mkutubi akafika kwenye ukurasa ambapo mume anatokea getini, na mke, akiwa na unga mikononi, anamkimbilia, na mwandishi anasema: akasahau yote.

Mkutubi akaacha kusoma.

"Vipi?" Fundi akauliza.

Akaisoma sentensi ile tena, kimya. Kisha kwa sauti. "'Akasahau yote.'"

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Kimeisha. Amesahau yote." Aligeuza ukurasa, akakuta mweupe. "Anasahauje? Miaka minne! Nani alimwambia asahau? Huyu mwandishi amewahi kukaa mezani na kiti kitupu? Amewahi kuulizwa sokoni, 'Mzee hajambo?' akajibu, 'Hajambo'? Nimejibu hivyo miezi saba mizima! Hajambo! Hajambo! Nilikuwa namjibia mtu ambaye sijui hata amelala wapi!"

Cherehani ilinyamaza ndani.

"Na hawa!" Alichambua vikaratasi kimoja kimoja. "Wanawake kumi na moja! Wamelia, wamependekeza, wameazimana! Hakuna hata mmoja aliyeuliza! Alikuja kwetu, amekaa kwenye kochi, anakunywa chai, ananiambia alikumbuka utulivu. Utulivu! Nilikuwa nakufa pale, ananisifia utulivu!"

Akakirusha kitabu. Alikusudia ukuta, kikaangukia kwenye goti la plasta. Fundi akapiga ukelele mmoja wa maumivu ya kweli.

"Pole!" Mkutubi aliruka, akapiga magoti mbele yake. "Pole, pole sana, nimekuumiza wapi?"

Wodini alikuwa akisema neno hilo mara mia kwa siku. Safari hii alilisikia likitoka, na sauti yake ilikuwa imepasuka katikati, na uso ulikuwa umelowa. Hakujua tangu saa ngapi. Kifua kilimwuma. Mikono ilimwuma. Plasta aliyoishika ilikuwa ya moto kwa jua, na alikuwa anaisikia.

"Nyie, mnauana huko?" mshonaji aliita kutoka ndani.

"Tunasoma!" Fundi alijibu, meno yameumana, macho yamejaa machozi ya maumivu na ya jambo jingine. Hakumgusa. Hakumwambia anyamaze. Alingoja mpaka kwikwi zikapata nafasi ya kupumua, kisha akauliza, taratibu sana, "Kesho utakuja?"

"Sijui. Nimekasirika, Fundi. Nimekasirika sana, na sijui hasira hizi zitaisha lini. Naweza kukukasirikia hata wewe."

"Njoo nazo," alisema.